Sauti Isiyoruka Mstari

Simu ameniletea Lusajo kutoka Mbeya,
kaifunga kamba ya kiatu niivae shingoni.
"Ishike juu ya karatasi, babu, tulia,
kama unamwombea mgonjwa."
Ikalia *kacha*. Ikaanza kusoma.

Ina sauti ya mwanamke asiyewahi kupanda kilima.
Jina langu, Anyelwisye, inalikanyaga
kama mgeni kwenye utelezi wa Machi.
Lakini bili ya maji inaisoma. Mfuko wa mbolea inausoma
mpaka tarehe ya kuharibika.
Na mvua ikishuka juu ya bati
(hapa Tukuyu mvua haibishi hodi)
naingia naye chini ya blanketi, mwanamke huyo,
ananinong'oneza bei ya urea.

Miaka minne nilisomewa na Tumpale, mjukuu.
Tumpale alikuwa anaruka.
Nilimsikia akivuta pumzi, akimeza mate,
halafu barua ya ushirika ikawa fupi ghafla.

Leo nimezimwaga zote kutoka kwenye kopo la chai.
Sauti haikumeza kitu.
*Deni lako. Mara ya tatu. Shamba litapigwa mnada.*
Na ile ya hospitali: mshipa wa fahamu wa jicho la kulia
umekufa,
kwa sauti ileile ya bili ya maji.
Tumpale alinisomea: "Urudi mwezi wa nne."
Mwaka huohuo ndama wake alipotea.
Nilimgombeza jioni nzima kwa uzembe,
naye akanyamaza, akachochea moto.
Shamba halikupigwa mnada.

Chini kabisa ya kopo kuna moja, imekunjwa mara nne.
Nikaishikia simu. Nikaigeuza. Nikaipeleka dirishani.
*Hakuna maandishi yaliyopatikana.*
Mama Ambakisye, umesikia? Eti hukuandika kitu!
Nimecheka mpaka nimekohoa.
Wewe uliyekandamiza peni kama jembe!
Nimepitisha kidole mgongoni mwa karatasi,
matuta yako yapo yote:
hapa herufi imepanda, hapa umekata neno
mpaka karatasi imetoboka.
Sisomi. Natembea tu shambani
mwenyewe akiwa ameshavuna.

Jumamosi Tumpale akija
nitampa hii anisomee.
Akivuta pumzi, akimeza mate,
nitaangalia kule mvua inakotoka.
Aruke.