Nukta ya Işıl

Saa nane za usiku, Eskişehir, ghorofa ya tatu ya hospitali.
Nje mto Porsuk umeganda. Ndani sisi wawili, macho makavu,
na swali moja, neno kwa neno, koma kwa koma:
yuko wapi Işıl Karaduman, wodi ya figo?

Java ya Ragıp inajibu: yupo, mstari mmoja.
Python yangu inajibu: hayupo,
wala haioni haya.

"Hifadhidata ni moja," akasema Ragıp.
"Haiwezi kuwa ndumilakuwili."

Nikaanza na washukiwa wa kila siku.
Anwani ya seva, ileile. Nywila, ileile.
Muamala ulioachwa wazi, hakuna.
Nafasi tupu mkiani mwa jina, nilizisaka
kama mama anayemsaka mwanawe chawa.
Ragıp akailaumu maktaba yangu,
nami nikailaumu mashine yake kongwe,
chai ikapoa katika bilauri nyembamba,
tukanuniana.

Jumanne karani alimwambia huyo mama: jina lako halimo.
Akarudi na tramu hadi mwisho wa reli,
damu yake haijasafishwa.

Kuuliza si ujinga, sawa,
lakini nimeuliza nini hasa?
Saa kumi kasoro nikaziamuru programu zote mbili
zinionyeshe swali kama lilivyotoka mdomoni mwao,
kabla ya jibu.

Java, iliyosanidiwa kwa Kituruki,
ilipoishusha I kubwa ikaandika ı,
kipara, kama tulivyofundishwa darasa la kwanza.
Python, ambayo hakuna aliyeiambia iko nchi gani,
ikaishusha I hiyohiyo
ikaivika nukta: i.
Ikaenda kumtafuta işıl,
mtu ambaye hakuzaliwa na yeyote.

Ragıp akainama, akaokota mezani
chembe ya ufuta iliyodondoka kwenye simiti yake,
akaiweka juu ya kioo, palepale.
Ilitosha kabisa.
Tukacheka hadi mlinzi akaja kuchungulia.

Mistari minne ya msimbo. Kisha nikapitia majina mengine,
Ilgaz, Irmak, Isparta ya anwani za watu,
na kicheko kikaniisha:
walikuwa thelathini na saba.

Saa mbili asubuhi alifika, kofia ya sufu, mfuko wa machungwa.
Karani akachapa. Akachapa tena, hakuamini.
"Upo."
"Najua," akasema Işıl. "Kitanda kipi?"