Vitobo

Dakta Nyamawi aliingia na kipande kimoja cha chaki,
akachora duara ubaoni, akalifuta,
akauliza: nilichofuta kilikuwa nini?
Ghorofa ya tatu. Feni nne, inayozunguka ni moja.
Sisi kumi na mmoja wa metafizikia
tukaandika tarehe, tukapiga mstari, tukanyamaza.

Muhula huu ni wa matundu.
Je, tundu ni kitu, au ni namna ya kusema?
Wako wasemao: kuna kitambaa tu, kitambaa kilichotoboka,
na tundu ni jina lisilo na mwenyewe.
Wako wasemao: lipo, lina upana, lina umri,
huzaliwa, huzibwa,
na panya hulijua bila kusoma.

Nami asubuhi hiyo nilitoka Kibokoni
na karo mfukoni, noti zilizokunjwa mara nne,
na kila noti, nazijua, imetoka tunduni.

Mamangu hushona kofia.
Bafta mbili, moja juu ya nyingine,
mchoro wa penseli, kisha sindano nene,
kisha uzi ukingoni mwa kila kitobo, mzunguko kwa mzunguko,
mpaka kitobo kisimame chenyewe bila woga.
Vitobo mia tisa na kitu. Miezi mitatu ya macho.
Usiku huvihesabu kwa kunong'ona, na akikosea
hurudi mwanzo kama mtoto wa chuoni aliyeruka aya.

"Wasoma nini huko?" aliniuliza.
Nikamwambia. Nilijaribu kumwambia.
"Kama matundu yapo?"
Akacheka hata uzi ukamponyoka.
"Basi karo yako yatoka wapi?"

Nikataka kumweleza shida, maana shida ipo:
bangili ikizunguka mkononi mwako, mama,
tundu lake nalo lazunguka, au limetulia?
Kofia mbili zikipachanwa, kitobo juu ya kitobo,
mwanga upitao umepita kimoja au viwili?
Akaivua bangili, akaitazama kitambo.
"La bangili silijui," akasema. "Vya kofia ni viwili.
Nimevishona siku mbalimbali."

Jibu hilo sikulikuta katika makala yoyote.

Jumamosi akaja Basheikh, mwenye duka Barabara ya Biashara,
akaiinua kofia mbele ya dirisha, akafumba jicho moja,
akaanza kuteremsha bei:
"Bi Rukia, nusu ya hii ni hewa."
"Kitambaa kiko dukani kwako, tele," mama akamjibu.
"Hewa ndiyo iliyokuleta."
Akalipa.

Katika vitabu vyetu vya darasani kuwepo ni neno moja.
Nilipojaribu kulitia Kiswahili, lugha ikanigomea:
kwanza niambie wapi.
Papa hapa? Pana. Huko kusikojulikana? Kuna. Ndani? Mna.
Hata kukana kwetu ni kuonyesha mahali:
hapana, twamwambia mwombaji, mtoto, mdai wa kodi,
na bila kujua tumeashiria pahali patupu,
na hapo patupu pana ngeli yake, pana upatanisho wake,
kama mtu mwenye jamaa.

Nikaiandika insha hivyo. Dakta akajibu pembeni
kwa wino mwekundu: Sarufi si ushahidi.
Na chini yake, kwa penseli, hafifu,
kama asiyetaka kujisikia: Au ndiyo?

Jana usiku mama alinipa sindano.
Macho yamechoka.
"Nitilie uzi."
Nikailamba ncha, nikaisokota, nikaielekea taa
nikilitafuta lile tundu dogo ambalo,
kwa mujibu wa ukurasa wa arobaini,
halipo.
Mara ya kwanza nikakosa. Ya pili pia.
Ya tatu uzi ukapita.

Mama akapokea bila kunitazama.
"Mia sita na kumi na mbili," akasema,
akaendelea.