Kivuli cha Ukuta wa Mashariki

Kipindi cha michezo, darasa la nne, hapa Ibra,
kimepangwa saa tatu na nusu asubuhi,
na aliyekipanga, nadhani, ana kiyoyozi ofisini.
Mwezi wa tisa. Sakafu inachoma kupita soli.
Mpira ukidunda mara mbili unanuka moto.

"Basi nipe hao watoto," husema mwalimu wa hisabati,
"sehemu bado hazijawaingia."
Mwaka jana wote nilimpa.
Wakahama kutoka kiti cha basi hadi kiti cha darasa,
hadi kiti cha gari la baba,
hadi zulia mbele ya skrini,
nami nikajaza fomu: Michezo, imefanyika.
Nilikuwa mwongo mwenye filimbi shingoni.

Mwaka huu nafika saa kumi na mbili na nusu.
Ukuta wa mashariki ni mrefu,
na wakati huo kivuli chake kinagusa mlango wa maktaba.
Nikawaambia: uwanja wetu ndio huu.
Haukujengwa na wizara.
Umejengwa na jua likiwa bado upande wa pili,
na unapungua huku tukiuchezea.

Hapo nikawafundisha rede.
Bibi yangu aliileta kutoka Unguja
mwilini mwake, maana sanduku lilikuwa dogo:
wawili warusha, mmoja yuko kati,
akwepa, ainama, ajaza mchanga chupani,
akwepa tena.
Hapa mchanga ni changarawe, chupa ni ya laban,
mpira ni soksi tatu zilizoviringwa pamoja.
Ghusuni hukwepa kama aliyeitwa na mtu nyuma yake.
Mazuni hucheka mpaka anapigwa.
Wanagombania alama kwa Kiarabu,
wanapiga kelele "Rede!" kwa Kiswahili,
na hakuna anayeuliza neno limetoka wapi.

Yaqdhani ana barua.
Kila wiki barua, mwandiko wa mama, wino wa buluu:
kifua chake, magoti yake, jasho, vumbi.
Nesi kampima mara mbili. Kifua kizima, kasema,
kinachokosa ni kazi.
Ana miaka tisa, na akipanda ngazi za maktaba hutweta
kama mtu anayehesabu madeni.

Sikumwambia akimbie.
Nani aliamrishwa kukimbia akafurahi?
Nilimpa chaki.
"Wewe mlinzi wa mpaka. Kivuli kikirudi nyuma,
chora pale kilipoishia."

Sikumwambia kwamba ukuta una hatua sitini
na kivuli hakingoji mtu.
Mstari wa kwanza aliuchora akitembea, akisimama, akinitazama.
Wa pili, kainama.
Kufika wa tano alikuwa mbioni, pembe hadi pembe,
kanzu kaikunja kiunoni, anafoka:
"Ingieni! Ingieni! Jua limemfika Mazuni mguuni!"

Sisemi amebadilika.
Jumapili alikaa kitako na pakiti mbili za chipsi
akasema chaki imekwisha, na chaki niliiona mfukoni.
Jumatatu alikuja kabla yangu.

Leo kengele imelia
kivuli kikiwa kimebaki upana wa mkeka.
Wote ishirini na wanane wamejibanza ukutani,
migongo kwenye tofali la baridi,
vifua vikipanda na kushuka, wananuka chumvi,
na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutoka.
Yaqdhani akatia mkono mfukoni, akatoa barua.
Imelowa chapachapa.
Wino umetembea mpaka ukingoni mwa karatasi.
"Nilisahau kukupa, abla," akasema.

Mwalimu wa hisabati yuko mlangoni, kanyoosha shingo,
anaitazama ile mistari sakafuni, mmoja baada ya mwingine.
"Nani kachora? Mbona imekwenda sambamba?"

"Muulize mwenyewe," nikamjibu.
"Lakini ngoja kwanza anywe maji."