Kinacheza

Ganzi ililaza taya, masikio ikayaacha macho.
Daktari Nabifo akapasua ufizi, akaukunja kama pindo,
akakiketisha kielekezi cha plastiki juu ya mfupa wenyewe.
Akabonyeza huku, kikainuka kule.
"Kinacheza," akasema. Keekee ikasubiri.

Mimi seremala, Mbale nzima inanijua kwa milango;
nimefukuza vijana karakanani
waliotoboa mvule kalibu ikiyumba.
Laiti ulimi ungekuwa wangu, ningesema:
tazama chini yake.

Akatazama. Uzi wa nyama,
mwembamba kuliko maranda yangu.
Akautoa kwa kibano. Akabonyeza pembe zote, moja moja.
Hakikuinuka popote.

Sasa toboa, mama.
Miaka sita sijang'ata muwa.