Mkebe wa Halua

Halua iliisha siku ya pili ya Idi.
Mkebe nikauosha, nikauanika juani;
harufu ya iliki ikakataa kutoka.

Ndani nimetia manyoya ya shingo ya kuchi wa Bwana Shekue,
jogoo aliyepigania Kibokoni akafa hajalipa deni,
singa za mkia wa mbuzi,
uzi mwekundu niliouzungushia kijiti cha mshikaki,
zari iliyobaki kwenye joho la harusi ya Mwanaesha,
ndoana kumi na nne, zimechomekwa kizibo,
na rangi ya kucha, ya kugandisha fundo.

Jiriwa la chuma halikuenea.
Nililitoa, nikalirudisha, nikalitoa tena.
Basi. Kidole gumba na cha shahada vitashika.

Miritini, kabla ya treni, askari akafunua.
Manyoya. Singa. Uzi mwekundu.
Akarudi nyuma hatua moja.
"Mama, dawa hizi zamwendea nani?"
Foleni nzima ikanyamaza, kama tuko matangani.

Nikaketi juu ya sanduku langu.
Uzi, unyoya, uzi, zari kidogo;
nikakaza, nikakata.
"Nzi," nikamwambia. "Wa samaki wa mto Gura,
kule maji yanauma meno."
Akamweka kiganjani, akampuliza,
ahakikishe haruki.

Mkasi akauchukua. Sheria.
Na nzi hakumrudisha.

Tangu Mariakani nakata uzi kwa meno,
na kila fundo
lina ladha ya iliki.