Namba Tisa

Nimetoa alfu thelathini, pesa ya mtungi wa gesi,
nikampa kijana wa Chake anayeuza vitabu vikuukuu
pamoja na chaja za simu na miwani ya jua.
Hakunipunguzia hata mia.
"Dada," kasema, "hivi havichapwi tena,
na wenye kuvitaka mmezidi."

Mmezidi! Kumbe tuko wengi,
watu wazima wenye funguo za nyumba na madeni ya ushirika,
tunaomsaka Yungi binti Tajo
aliyekuwa akipita kwenye tundu la kitasa
kila akisikia mtu analia upande wa pili.

Wengine mlisoma kwa kununuliwa. Sisi wa Limbani
tulisoma kwa makonyo.
Msimu wa karafuu, wakubwa wakichambua barazani,
tulikuwa chini ya magoti yao na vipolo vyetu,
na Bi Mize alikuwa akitugaia makonyo ya jamvi moja
ili tumwache astarehe.
Kilo ngapi kwa kitabu kimoja? Nilikuwa najua.
Sasa najua harufu tu:
namba moja hadi namba nane
vilinuka vidole vyetu.

Na kila kitabu, ukurasa wa mwisho,
Yungi alisimama wima, wa kukatwa,
nguo zake pembeni zina vimasikio vya kukunjia:
kanga ya namba mbili, koti la mvua la namba nne,
namba sita buibui la ukaya, tukacheka,
maana lilikuwa la bibi zetu.

Mimi nilikata. Siku ile ile, kwa wembe wa baba.
Raya hakukata. Raya alisema
mtoto akitoka kitabuni hadithi inavuja.
Vyake alivifunika kwa gazeti, akavipanga
chini ya mtoto wa plastiki kutoka Maskati,
mwenye macho ya kufumba,
ambaye haikuruhusiwa kumtoa kwenye boksi.
Tukimtazama kwenye kidirisha cha nailoni
kama mgonjwa.
Wangu walilala nami, wakalowa jasho
(na mara nyingine si jasho),
wakivunjika shingo nikiwaunga kwa punje za wali.

Namba tisa haikufika Wete.
Bwana Shaame wa dukani alisema wiki ijayo,
wiki ijayo ikawa baada ya Ramadhani,
kisha akaanza kuuza simenti.
Raya akaenda kwa baba yake, boksi mapajani.
Mimi nikaota matiti, nikaona haya,
nikawatia akina Yungi wote kwenye kopo la maziwa.

Namba nane ilikatika Yungi akiwa nusu:
kichwa na mkono upande ule,
miguu upande huu.
Miaka thelathini na mmoja.
Nimezaa, nimezika, nimepima watu presha
zamu za usiku pale hospitali,
na nikisinzia kidogo humwona bado kakwama.

Basi jana, mbele ya jiko la mkaa
(gesi ndiyo hiyo niliyoishika mkononi),
nimefungua. Nikasoma nimesimama. Wali ukaungua.
Amepita. Mstari wa pili tu,
kajivuta, kapita, kama vile si kitu.
Na aliyekuwa akilia upande wa pili
ni mbuzi.

Nilicheka hata mume wangu akaja kuuliza.
"Mbuzi," nikamwambia. Akaangalia sufuria.

Nikafunua mwisho. Hayupo.
Amekatwa, tena vizuri, kwa mkasi mdogo;
limebaki tundu lenye umbo la mtoto,
na ndani ya tundu, juu ya jalada, kwa kalamu ya risasi:
Subira Faki, darasa la nne, Kangani.
Simjui. Mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wangu.

Nikaleta kopo. Aliyesalia mzima ni wa namba tatu.
Nikamlaza tunduni.
Haenei. Yeye ameinua mkono,
wa Subira aliuteremsha.
Nikamwacha hivyo hivyo, vidole vimetokeza ukurasani,
nikafunga kitabu taratibu nisimkunje.

Raya nimempelekea picha ya tundu.
Alfajiri akajibu, neno moja:
"Umekata?"