Akinywa Yeye

Hapa Atakama mvua ni hadithi ya watu wengine.
Maji huja Jumanne, kwa lori, pamoja na bili.
Mimi Nicanor Yufla, mpuliza dawa za wadudu
katika kambi za wachimba shaba,
nimejifunza kuiacha pampu garini
nikaingia jikoni na spana.

Usiwinde mende, namwambia kijana wangu wa kazi.
Winda unyevu.

Mtazame huyu, nyuma ya jiko:
mkoba wa mayai unamning'inia mkiani,
rangi ya chai iliyochacha,
mayai arobaini kasoro, safu mbili,
yamebanana kama meno.
Hautui. Wiki tatu hautui.
Ngozi kaipaka nta.
Vitundu vya pumzi ubavuni kavibana,
huvifungua kama bahili afunguavyo kibindo,
maana kila pumzi hapa hutoka na maji yake.
Chakula hakijali tena. Usiku hatoki
ila kwa ajili ya tone.

Na pale mkoba ulipoungana na mwili
pana utando mwembamba, maji hupenya humo,
kutoka kwake kwenda kwao.
Niliwahi kuubandua mmoja,
nikauweka dirishani juu ya kifuniko cha soda.
Siku ya tatu ulikuwa zabibu kavu.

Mwaka bomba la mtaa wetu lilipokufa
mama alikuwa akinywa kabla yetu.
Kikombe kizima, macho kafumba,
nasi watano tumesimama, midomo imepasuka,
tunahesabu mafunda.
Saba. Nilimchukia kwa mafunda saba.
Naye hakujitetea, alifuta kikombe kwa kanga ya mkono wake
akamimina kilichobaki, kwa kipimo, kuanzia mdogo.
Rosalba alizaliwa Agosti,
mnene, analia kwa machozi halisi.

Mfereji wa jikoni unadondosha: ti.
Kimya kirefu. Ti.
Mende anausogelea, vipapasio mbele, mzigo nyuma,
hana haraka, kama mtu aliyezoea foleni.
Kijana ananitazama. Nimekwisha kulipwa.

Nikakaza.

Tone la mwisho likabaki mdomoni mwa mfereji,
limevimba, linatetemeka,
halijaanguka bado
nilipomwambia kijana akawashe gari.